Usimwulize Kama Anasikia

Neno lililoniharibia kazi ni dogo, na kila mmoja wenu ameshalitumia leo kabla ya chai ya saa nne. Ni kusikia. Mtu husikia kengele, husikia njaa, husikia harufu ya kuku anayechomwa manyoya, husikia baridi ya asubuhi na uchungu wa jino, na mtoto mtiifu tunasema ni mtoto anayesikia. Kiswahili kimeyatia yote hayo katika kikapu kimoja, na Kiluhya chetu vivyo hivyo. Kikapu hakina kosa. Mimi ndiye niliyekuwa nikitia mkono ndani bila kuangalia nimetoa nini.

Mwalimu wenu ameniomba niwaandikie ninyi mnaosomea kazi ya afya, niwaeleze tulivyokuwa tukipima neva za wagonjwa wa ukoma hapa Kakamega miaka ya tisini. Nimechoka, wanangu, na magoti yangu hayapokei amri tena. Nitaandika mambo yanavyonijia. Msinidai mpangilio.

Nilikuwa mtu wa nyanjani. Nilimaliza kidato cha nne, nikafanya kozi fupi, nikapewa baiskeli nyeusi na mfuko wa turubai. Ndani ya mfuko mlikuwa na pamba, kalamu ya kuchorea mipaka ya mabaka kwenye ngozi, pakiti za vidonge, na chupa mbili ndogo, moja ya maji moto na nyingine ya maji baridi, ingawa ile ya moto ilikuwa imepoa kila mara kabla sijafika. Watu waliniita daktari. Mwanzoni nilikuwa nikiwasahihisha. Baadaye nikaacha, na hapo labda ndipo nilipoanza kuharibika.

Siku moja ya kliniki kule Ekero, karibu na Mumias, alikuja Mzee Rajabu. Alikuwa mpishi wa sukari nguru katika kiwanda kidogo kilichokuwa nyuma ya mashamba ya miwa, mtu mrefu mwenye kofia nyeupe ya kufuma na mdomo usiopumzika. Ninyi mnaijua sukari nguru ikiwa tayari sokoni, ngumu na ya kahawia. Kuipika ni kazi ya kuvizia. Maji ya miwa huchemka ndani ya karai pana kama kitanda, yanakuwa mazito, na kuna wakati mfupi sana wa kuyatoa. Ukiwahi, haigandi. Ukichelewa, inaungua na kuwa chungu. Wengine walitazama rangi au mapovu. Rajabu alitumia kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Alikichovya kwanza kwenye maji baridi, akakigusisha juu ya ile shira inayochemka, kisha akaisugua kati yake na kidole gumba, akaivuta uzi. Alisema vidole vingine vimeshakuwa na sugu kama kisigino, lakini kile cha mwisho bado ni cha mtoto, husema kweli.

Siku hiyo alikuja kulalamika kwamba kimeacha kusema kweli.

"Sukari inanidanganya," aliniambia. "Inaiva kabla sijaambiwa. Makarai mawili yameungua. Tajiri anasema ninalewa, na mimi pombe sijawahi hata kuionja."

Nilimwona na baka jeupe lililofifia kwenye mkono, chini ya kiwiko. Nilitoa pamba. Nikamwambia afumbe macho, kama tulivyofundishwa.

"Nifumbe macho?" Aligeuka akawatazama wagonjwa waliokuwa kwenye benchi. "Nifumbe macho mbele ya kijana wa juzi, nikiyafumbua nikute kofia imekwenda sokoni?"

Benchi zima lilicheka. Nami nilicheka. Foleni ilikuwa ndefu, jua lilikuwa linapanda, na yeye alikuwa mkubwa kwangu. Niliona haya kumchezesha kibe kama mtoto. Basi nikamgusa macho yake yakiwa wazi, na kila nilipomgusa nikamwuliza.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Na hapa, unasikia?"

"Nasikia."

"Hapa je?"

"Nasikia, kijana! Mimi si kiziwi."

Wakacheka tena. Soma hapo mara mbili, mwanangu. Alinijibu kila kitu, na jibu lake lilikuwa sahihi kabisa. Nilimwuliza kama anasikia, na alikuwa akinisikia. Alikuwa ameniambia kwa mdomo wake swali langu limekwenda wapi, limeingia sikioni badala ya ngozini, na mimi nikalichukulia kuwa ni mzaha. Nilimpa dawa ya kupaka, nikamwambia mikono ya wapishi huzeeka mapema. Akaondoka akiwa na furaha. Mtu huwa na furaha akiambiwa hana kitu.

Kwenye kozi tulifundishwa kusema "unahisi". Ni neno zuri la redioni. Jaribu kulitumia kwa bibi aliyetoka kupalilia, atakwambia anahisi utampa dawa.

Sasa niwaambie ukoma hufanya nini, maana hata leo nakutana na watu waliosoma wanaosema unakula vidole. Hauli. Vijidudu vyake hupenda mahali penye ubaridi, basi hujificha ndani ya ngozi na ndani ya neva zinazopita karibu na ngozi. Neva ni kama uzi uliovikwa ala. Ikivimba ndani ya ala hiyo hujibana yenyewe, na ikibanwa sana hunyamaza. Mtu huyo ataungua asijue, atakanyaga mwiba autembelee siku nzima. Kidonda kinachokuja baadaye ndicho kinachomaliza kidole. Ugonjwa wenyewe una dawa, unapona, na hauambukizi kwa urahisi. Ila neva iliyonyamaza muda mrefu haina dawa. Ina miezi michache tu ya kusubiriwa, kisha inafunga mlango.

Mambo haya yote nilikuwa nimefundishwa na Sista Truphena, muuguzi mkuu wa kliniki yetu, mama wa Khayega mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo sana. Ulilazimika kuinama umsikie, na ukiinama alikuwa amekupata. Somo la kwanza alinipa nyuma ya jiko lake Jumapili moja alipokuwa akichinja jogoo. Kisu kilipita, kichwa kikabaki mkononi mwake, na jogoo akapiga mbawa akaruka hadi kwenye mahindi.

"Nani amemwambia akimbie?" Sista aliniuliza.

"Hakuna, Sista. Kichwa unacho wewe."

"Basi miguu inatii nani?"

Nilikuwa nasikia njaa, nikasema labda ni roho.

"Roho ya ingokho, ya kuku!" Alicheka bila kutoa sauti, mabega tu yakitikisika. "Ni uti wa mgongo, wewe. Nenda umlete, nikufundishe ukikata vitunguu."

Akanifundisha. Kwamba kuna neva zinazoleta habari na neva zinazopeleka amri. Kwamba zote hupitia kwenye ile kamba nyeupe iliyo ndani ya mifupa ya mgongo, na kamba hiyo haingoji ruhusa ya ubongo katika mambo ya dharura. Ukishika sufuria ya moto, habari hukimbia kutoka kidoleni hadi mgongoni, amri ya kuvuta mkono inatoka papo hapo, mkono unaondoka, na ubongo huambiwa baadaye, kama mume anayerudi nyumbani akute ng'ombe ameshauzwa. Ndiyo maana unavuta mkono kwanza kisha unapiga kelele.

"Lakini ule mjumbe wa kwanza akifa," Sista alisema, "yule anayetoka kidoleni, hakuna amri itakayotoka. Mgongo mzima, ubongo mzima, havina kazi. Mkono utakaa palepale kwenye moto umetulia, kama umewekwa juu ya meza. Kwa hivyo unapompima mtu, unamtafuta mjumbe huyo. Mtu afumbe macho. Wewe nyamaza. Mguse kwa ncha ya pamba, usiiburute. Yeye akuonyeshe kwa kidole alipoguswa. Usimwulize neno."

"Nisimwulize kama anasikia?"

"Nimesema neno lolote."

Nilikula jogoo yule na obusuma, ugali wetu, nikasahau nusu ya somo.

Rajabu alirudi mvua ndefu zilipokwisha. Safari hii alikuja Kakamega mjini, kliniki kuu, pamoja na mkewe Mama Hadija, na mkono wake ulikuwa umefungwa kwa kitambaa cha leso. Kidole cha mwisho na cha pili yake vilikuwa vimeanza kujikunja kuelekea kiganjani. Ukingo wa kiganja ulikuwa umeungua, ngozi imekuwa nyeupe na kuchubuka kama ya ndizi ya kuchemsha.

"Ulijiunguza vipi?" Sista alimwuliza.

"Nilikuwa nimeegemea karai nikiongea. Nikasikia harufu ya nyama." Alijaribu kutabasamu. "Nikawauliza vijana, nani anachoma nyama na hajanikaribisha? Wakanitazama mkono. Kumbe nyama ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Sista alimketisha, akaupinda mkono wake kwenye kiwiko, akapitisha vidole vyake nyuma ya lile fupa la ndani. Jigongeni hapo kidogo, ninyi mnaosoma. Ule umeme unaoshuka hadi kidole cha mwisho ni neva inayopita hapo. Kwa mtu mwenye afya iko laini kama kamba ya kiatu. Aliniita niiguse ya Rajabu. Ilikuwa nene kama penseli, na nilipoigusa alikunja uso. Kumbukeni hilo pia. Unapopapasa neva, ipashe mikono yako joto kwanza, linganisha kulia na kushoto, na utazame uso wa mgonjwa, usitazame kiwiko. Kiwiko hakitakwambia kitu.

Kisha Sista akasema, kwa ile sauti yake ndogo, "Mzee, fumba macho."

Mwanamume yule aliyekataa mbele yangu alifumba mara moja.

Sista akachukua pamba, akaisokota ncha, akaanza kumgusa. Kidole cha mwisho. Ukingo wa kiganja. Karibu na kifundo. Tena kidole. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Mama Hadija alikuwa ameketi kando na aliona kila mguso, na kila mguso ulipopita bila mumewe kuinua kidole kuonyesha, alizidi kuivuta leso yake hadi ikamfunika mdomo. Rajabu alikaa wima, macho yamefumbwa, uso wa mtu anayesubiri zamu yake.

Mwishowe alisema kwa upole, "Sista, mbona hamjaanza?"

Nimezika wazazi na ndugu, lakini sidhani kama kuna maneno yaliyonikaa kifuani kama hayo.

Sista hakunigombeza mbele yao. Walipotoka kwenda kuchukua dawa alinawa mikono kwenye beseni, akajipangusa, kisha akaniuliza, "Ulipompima Ekero, alifumba macho?"

"Alikataa."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nilimwuliza kama anasikia."

Alikaa kitako kama mtu aliyechoka ghafla. "Omwana wanje," alisema, mwanangu, na hilo ndilo lililoniumiza. Ningependelea anitukane.

Dawa za kuua vijidudu vya ukoma zilikuwapo na alipewa. Kwa ajili ya neva iliyovimba kulikuwa na vidonge vingine, vidogo vyeupe, vya kutuliza uvimbe. Hapa inabidi niwaeleze habari za tezi, na siwezi kuzieleza bila kumtaja mbwa wa Chekalini.

Chekalini nilikwenda mara moja kwa mwezi, baiskeli ikiwa juu ya basi, kisha nikizunguka nayo kwenye mashamba ya mahindi. Kwa mkulima mmoja palikuwa na mbwa wa rangi ya majivu aliyenichukia mimi au aliichukia baiskeli, sijui. Alitoka kwenye mahindi bila kubweka. Naapa sijawahi kuendesha baiskeli namna ile, mlima nikauona tambarare. Nilipofika salama moyo ulikuwa ukidunda hadi masikioni, mdomo umekauka, mikono inatetemeka, na hali hiyo haikukoma mbwa alipokoma. Niliendelea kutetemeka wakati mwenye mbwa ananipa uji na kuniambia, "Huyo haumanga mtu, anasalimianga tu."

Hiyo ilikuwa kazi ya tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia. Neva ni mjumbe anayekwenda kwa mtu mmoja, anafika haraka na anarudi. Tezi haina mjumbe. Humwaga homoni yake ndani ya damu, ikasambaa kama tangazo la kanisani, kila mmoja akalipata na kila kiungo kikachukua linalokihusu. Moyo ukaenda mbio, tumbo likasimamisha kazi, macho yakapanuka. Na tangazo halirudishwi mara moja. Ndiyo maana mbwa ameshaondoka na wewe bado unatetemeka.

Tezi hizohizo hutoa homoni nyingine isiyo ya makelele, ya kila siku, inayosaidia mwili kustahimili maradhi na kutuliza uvimbe. Vile vidonge vyeupe ni mfano wa homoni hiyo. Ukimpa mtu kila siku kwa miezi, tezi zake huona hakuna haja ya kujisumbua. Jirani akikuletea ugali kila jioni, utawasha moto wa nini? Lakini jirani akiacha ghafla, unabaki na njaa na kuni mbichi. Kwa hivyo vidonge hivyo havikatizwi. Hupunguzwa kidogo kidogo, ili tezi ziamke, ziwashe moto wao.

Maelezo hayo ni mazuri, sivyo? Kwa Rajabu sikuyatoa. Nilimwambia, "Meza kila siku asubuhi ukiwa umekula, usiache." Nikadhani amri inatosha.

Alivimeza kwa miezi kadhaa, kisha Ramadhani ikaandama. Siku yangu ya Ekero ilipofika Rajabu hakuonekana kliniki, nikapanda baiskeli hadi kwake. Mama Hadija alinipokea mlangoni bila salamu.

"Afadhali umekuja. Hawezi kuinuka tangu jana. Anatapika, ukimsimamisha anaanguka."

Alikuwa amelala kwenye mkeka, mdomo mkavu, jasho la baridi usoni. Nilimwuliza vidonge viko wapi. Mama Hadija alinionyesha pakiti za mwezi ule, karibu zimejaa.

"Amefunga," alisema. "Ulisema ameze asubuhi. Asubuhi ya Ramadhani mtu anameza nini?"

"Mgonjwa anaruhusiwa kula, mama."

"Alisema yeye si mgonjwa, ni mkono tu unaoumwa. Na ungetuambia mapema, si angemeza wakati wa daku, ale, ameze, alale? Nyinyi watu wa hospitali mnaamurunga tu. Hamuulizi mtu anaishi vipi."

Daku! Chakula cha kabla ya alfajiri, kiko wazi kama mchana, na sikukifikiria. Nilikuwa nimewatembelea Waislamu wa Mumias kwa miaka, nimekula futari zao, na bado nilimpa mtu masharti kana kwamba mwaka mzima ni mmoja.

Tulimpakia kwenye trekta iliyokuwa ikirudi kutoka kupeleka miwa, juu ya tela, magunia yakiwa godoro, mimi nikimshika kichwa. Dereva alikwepa mashimo kama aliyebeba mayai. Hospitali wakamtundikia maji, wakamrudishia dawa, na kesho yake alikuwa ameketi akilalamika kwamba chai haina sukari. Tezi za mwanadamu ni vitu vidogo, ungezishika kwenye kiganja, lakini zikilala mwanamume mrefu namna ile anakuwa kitambaa.

Tangu hapo alimeza vidonge mpaka tulipovipunguza na kumaliza. Uso wake ulivimba ukawa duara, kama inavyokuwa kwa vidonge hivyo, na kule kiwandani wakamwita Mbalamwezi. Alikubali jina. Kisha tukampima tena, amefumba macho, mimi mwenyewe nikiwa na pamba na mdomo wangu umefungwa. Kidole cha pili toka mwisho kilikuwa kimerudisha kitu kidogo. Aliinua mkono wa kushoto akaonyesha alipoguswa, akakosea kwa upana wa ukucha, nasi tukafurahi. Kidole cha mwisho, kile cha mtoto, hakikurudi. Ukingo wa kiganja haukurudi. Vile viwili vilibaki vimekunjika.

Tulikuwa tumekaa nje ya kliniki, chini ya dirisha, aliponiuliza.

"Daktari, na unijibu bila kunizungusha. Ungenipima vizuri siku ile ya kwanza, mkono huu ungerudi?"

Nilikuwa na majibu mengi tayari. Mungu ndiye ajuaye. Kila mwili una yake. Hata wataalamu hukosea. Yote yalikuwa kweli na yote yalikuwa ya kujificha.

"Ungerudi," nikasema. "Labda si wote. Lakini sehemu kubwa ungerudi."

Akaugeuza mkono, akautazama juu na chini.

"Mimi ndiye niliyekataa kufumba macho."

"Ulikataa. Lakini wewe hukufundishwa. Mimi nilifundishwa."

"Kweli," alisema. Hakuongeza la kunifariji, na sikuwa na haki ya kulingoja. Kisha akasema, "Basi utakuwa unakuja kuutazama. Mimi siwezi kuuamini tena, hauniambii kitu. Utautazama wewe."

"Kila nikija Ekero."

"Kila ukija. Na ukistaafu?"

"Nitakuja."

"Haya," alisema. "Nimekusikia."

Alirudi kiwandani. Tajiri hakumtaka karibu na karai, akampa kazi ya kupanga mabonge. Rajabu alikaa huko kwa muda, akisikiliza wapishi wengine wakiiunguza sukari. Halafu akagundua namna. Alichota shira kwa upawa, akaidondosha kwenye maji baridi ndani ya bakuli la bati, akaokota lile tone lililoganda kwa mkono wa kushoto na kulirusha kwenye ukingo wa bakuli. Kama linafanya pwa, bado. Likifanya tik, kama punje ya mahindi makavu, toa moto. Sijui kama aliibuni au aliipata kwa wazee. Karai likarudi kwake. Alipika kwa masikio hadi kiwanda kilipofungwa.

Nilijifunza hapo, nikalitumia kwa wengine, kwamba hisi moja ikifa unaweza kuajiri jirani yake. Kule Chekalini nilikuwa na mkulima, Mzee Barasa, ambaye ukoma ulikuwa umeshika neva ya usoni, jicho moja halifumbi. Alilala jicho wazi, na jamaa zake walimwita Askari, wakisema wezi hawathubutu. Jicho lisilofumba hukauka, huingia vumbi, hupofuka. Kope zake hazikufunga zenyewe tena, lakini akikaza kwa nguvu zilifika. Basi tukapatana kwamba kila jembe linapogonga ardhi, anakaza macho yote mawili. Alilima ekari zake akikonyeza mahindi. Mkewe alisema ameanza kuona wivu. Jicho lile halikupofuka. Kazi yetu yote ilikuwa ya namna hiyo, vitu vidogo vya kurudiarudia ambavyo hakuna anayevipigia makofi.

Na mkono wa Rajabu nikautazama. Mnapopewa mkono usiosikia, hivi ndivyo mnavyoutazama. Uoneni mchana, nje. Tafuteni wekundu, uvimbe, mahali penye joto kuliko pengine, na hilo joto mlipime kwa mgongo wa mkono wenu. Tazameni katikati ya vidole na chini ya kucha. Uloweke kwenye maji ya kawaida, sugua sugu kwa jiwe laini, paka mafuta maji yakiwa bado yapo ili ngozi isipasuke. Glasi ya chai aishike kwa mkono mwingine au aifunge kitambaa. Nilimpata na kibanzi cha muwa kilichoingia chini ya ukucha, kimeshaanza usaha, naye ananisimulia habari za mpira. Nilimpata na lengelenge la glasi ya chai ya harusi. Kila mara nilimwonyesha, na kila mara alishangaa kama mtu aonyeshwaye mali ya jirani.

"Huyu mpangaji," aliuambia mkono wake, "halipi na haondoki."

Miaka ilienda. Kifua kikuu kilizidi, wenzetu wakahamishiwa huko, siku za kliniki ya ukoma zikapunguzwa moja baada ya nyingine mpaka Ekero ikafutwa. Sista Truphena alistaafu akarudi Khayega, nami nikamfuata katika kustaafu. Baiskeli ikanishinda, nikawa napanda boda boda. Siku nyingine sikutaka kwenda. Nasema kweli, kulikuwa na mvua, mgongo, na uvivu wa mtu mzima, na nilijua nitakaa tu kwenye kiti cha plastiki nikigeuza mkono wa mzee mwenzangu huku akinitania. Nilikwenda. Hatukuongea tena habari za ile siku ya kwanza. Sikuwahi kujua kama alinisamehe. Nadhani hakuona kama ni jambo la kusamehe. Lilikuwa jambo la kutazama.

Alikufa kwa presha, babu wa wajukuu wengi. Habari zilinifikia asubuhi, nami nilipofika Ekero walikuwa wameshamzika, maana Waislamu hawacheleweshi. Watu walikuwa wakinawa mikono kwenye pipa. Mwanawe Idi, aliyekuwa miongoni mwa walioosha maiti, alinivuta kando ya nyumba.

"Tulipofika kwenye mkono ule," alisema, "tuliufungua polepole."

Nilipaswa kumpa pole kwanza, Mungu anisamehe. "Ulikuwa na kidonda?" nikamwuliza.

"Hakuna, baba. Vidole vyote vitano vipo. Tuliviosha kimoja kimoja."